Mtoto wa Kulea Naye Ni Mtoto wa Nyumba

"Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Neno hili wazee wetu walituachia, nasi hulisema vizuri sana siku za arusi na siku za matanga. Lakini pako pahali pamoja ambapo neno hili halina nguvu hata kidogo: mbele ya meza ya karani anayeandika watoto wa wafanyakazi. Pale wanauliza nani amezaa. Nani analea, hawaulizi.

Jambo hilo tumeliona kwa macho yetu. Mzee mmoja wa parokia yetu ni mlinzi katika kampuni moja ya hapa Katanga, naye amebakiza miaka michache kupumzika kazi. Nyumbani kwake wamo wajukuu watatu. Mama yao alikufa katika uzazi. Baba yao, ambaye ni mtoto wa mzee huyo, alikwenda kuchimba madini, na tangu hapo habari yake haikusikika tena. Mzee na mke wake ndio wanaowalisha, wanaowavisha, wanaowaamsha asubuhi kwenda masomo. Alituomba tumsindikize mpaka biro ya kampuni, kwa maana hajui Kifaransa vema. Sisi makatekista tunajua: kusoma karatasi za watu ndiyo kazi yetu ya pili.

Karani alitazama karatasi, akasema: "Hawa si watoto wako, ni wajukuu. Mlete baba yao." Mzee akajibu: "Kama ningejua aliko, ningekuwa hapa?" Karani akafunga kitabu.

Juma lile lile mtoto wa mwisho, msichana wa miaka 4, alishikwa na malaria. Mlango wa dispensari ya kampuni haukufunguliwa kwake, kwa kuwa jina lake halikuwamo katika liste ya jamaa ya mfanyakazi. Mzee akauza baiskeli yake. Mtoto akapona, tumshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo mzee anakwenda kwa miguu kila usiku kulinda mali ya kampuni ile ile iliyokataa kumhesabu mjukuu wake.

Wapenzi wasomaji, hatuandiki maneno haya ili kumtukana karani yule. Pengine naye ana wajukuu. Tunaandika ili kupinga neno lake, kwa maana tumelisikia katika biro nyingi na katika vinywa vya watu wengi, hata wakristu: kwamba mtoto wa kulea si mtoto, na mjukuu si mzigo wa nkambo mbele ya Serkali. Neno hilo si kweli. Halitoki katika sheria yetu, halitoki katika desturi yetu, wala halitoki katika imani yetu.

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo inayotajwa sana na watu wasioisoma. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 7 inaeleza jamaa ya mfanyakazi ni nani. Msomaji ahesabu kwa vidole. Kwanza, mume au mke wake. Pili, watoto kama wanavyoelezwa na Sheria ya Jamaa. Tatu, watoto ambao mfanyakazi amewaasili, yaani aliowafanya watoto wake mbele ya tribinali. Nne, watoto ambao yeye ni mlezi wao wa kisheria, au ni baba yao wa kisheria. Tano, watoto ambao Sheria ya Jamaa inamdai mfanyakazi awape chakula na matunzo.

Vidole vitano! Karani alihesabu viwili, akafunga kitabu.

Tutazame sana kidole cha tano. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 imeweka deni la matunzo kati ya wazazi wa juu na wazao wao. Nkambo yumo katika deni hilo, na mjukuu yumo. Basi kama mjukuu hana baba wa kumlisha wala mama wa kumlisha, nani anadaiwa chakula chake? Sheria yenyewe inamtazama nkambo. Je, sheria imdai mzee chakula cha mtoto kwa mkono wa kuume, halafu kwa mkono wa kushoto imwambie kwamba mtoto huyo si wake? Sheria haisemi hivyo. Wanaosema hivyo ni watu.

Tena sheria ile inaonyesha mpaka wa miaka. Mtoto huhesabiwa akiwa hajaoa wala hajaolewa, mpaka afikishe umri wa mtu mzima. Akiwa mwanafunzi, mpaka miaka 25. Akiwa kilema asiyeweza kazi, miaka haihesabiwi. Na kuhesabiwa si jambo la heshima tu. Mwajiri ana deni la kumtibu mfanyakazi pamoja na jamaa yake, na feza za watoto hufuata hesabu hiyo. Zamani za INSS, iliyowekwa mwaka wa 1961, feza hizo zililipwa na kasha lenyewe hapa Katanga tu. Katika majimbo mengine zilikuwa juu ya mwajiri. Baadaye ilikuja sheria mpya ya tarehe 15 Julai 2016, na INSS ikawa CNSS. Jina la kasha limebadilika. Macho ya karani hayajabadilika.

Sasa tuseme kweli yote, tusijipendelee. Sheria inataka karatasi. Mlezi wa kisheria ni mtu mwenye karatasi ya tribinali. Kulea kwa moyo mwema peke yake hakutoshi. Na hapa watu wengi wanapotea njia, kwa sababu wanafikiri karatasi iliyopo ni moja tu, ile ya kuasili mtoto. Mlango huo ni mwembamba. Sheria ya 1987 ilitaka anayeasili amzidi mtoto kwa miaka 15, na hilo kwa nkambo si taabu. Lakini ilisema pia kwamba mtu ambaye tayari ana watoto wengi walio hai hawezi kuasili asipopata ruhusa ya Rais wa nchi. Mzee wetu ana watoto wanne walio hai. Je, mlinzi wa usiku amwandikie Rais wa Jamhuri ili mjukuu wake apate dawa ya malaria? Tena kuasili kunageuza udugu: mtoto wa binti yako anakuwa ndugu ya mama yake. Wazee wengi wanalichukia jambo hilo, nasi hatuwalaumu.

Mlango unaomfaa nkambo ni ule wa ulezi wa kisheria. Hauvunji udugu, haumfuti baba wala mama, haubadilishi jina la ukoo. Unasema tu: mtoto huyu, mtu wa kumjibia ni huyu. Mambo ya watoto ya namna hiyo yanapelekwa mbele ya Tribinali ya Watoto, iliyowekwa na sheria ya tarehe 10 Januari 2009. Karani mwenye haki angemwambia mzee wetu: "Nenda tribinali, ulete karatasi ya ulezi, nami nitawaandika." Maneno machache tu! Badala yake alisema: "Si watoto wako." Kumwonyesha mtu njia ni kazi ya karani, na kumfungia njia ni dhambi, hata kama kumefanywa kwa adabu.

Tunajua watu watatujibu. Basi tuwasikilize mmoja mmoja.

Wa kwanza atasema: "Mkifungua mlango huo, kila mfanyakazi ataleta watoto wa kijiji kizima." Hatukatai kwamba udanganyifu upo. Tangu zamani za Union Minière, posho ilipokuwa ikipimwa kwa hesabu ya mke na watoto walioandikwa, wazee wanajua kwamba feza inayofuata vichwa inawatia watu tamaa ya vichwa. Lakini dawa ya mwizi si kumfunga jirani yake. Mtoto mmoja na aandikwe mahali pamoja tu, na jina lake lisionekane katika liste mbili. Tena waulizwe wanaojua: mwalimu wake, mkubwa wa avenue, jirani wa ukuta mmoja. Hakuna mtaa hapa kwetu ambapo watu hawajui mtoto fulani analala wapi na anakula kwa nani. Karani anayetaka kujua atajua kabla jua halijatua.

Wa pili atasema: "Baba yake yu hai. Amtunze yeye." Sisi pia tunataka amtunze! Sheria ya 1987 ina neno zuri sana juu ya jambo hili: kila mtoto wa Kongo apaswa kuwa na baba, wala hakuna mtu mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Baba anayetoroka na atafutwe, na ashitakiwe. Lakini wakati anatafutwa, mtoto anakula nini? Mashitaka hayapikiwi katika chungu.

Kosa hili si la kwetu tu. Marekani ni nchi tajiri, nayo ina kasha la pensheni tangu 1935. Wajukuu hawakuhesabiwa katika kasha hilo mpaka sheria ilipogeuzwa mwaka wa 1972. Hata hapo mjukuu anaingia kwa sharti: wazazi wake wawe wamekufa, au wawe walemavu wasioweza kazi, tena awe alikaa na nkambo wake na kutunzwa naye. Baba akiwa mzima lakini ametoroka, mtoto anabaki nje mpaka nkambo amwasili. Basi hata huko mtoto anaadhibiwa kwa sababu baba yake hakufa! Feza ya nchi ni nyingi, lakini shimo ni lile lile, kwa sababu swali ni lile lile: nani alizaa?

Nchi ya Afrika Kusini iligeuza swali. Tangu Aprili 1998 Serkali yake inatoa feza ya mwezi kwa mtoto wa maskini, na sheria haikuuliza nani amemzaa. Inauliza ni nani hasa anayemtunza. Mama, shangazi, nkambo, wote wanaweza kupokea kwa ajili ya mtoto. Mwanzo ilikuwa randi 100, kwa watoto wasiotimiza miaka 7. Baadaye umri ukapandishwa mpaka miaka 18. Lakini kulikuwa na feza nyingine kubwa zaidi, ya walezi waliowekwa na tribinali, nayo ilileta funzo. Wankambo waliolea yatima walikwenda kwa wingi kuitafuta, tribinali zikajaa, na karatasi nyingi zikaisha muda kabla ya kufanywa upya, hata mwaka wa 2011 tribinali kuu ya Pretoria ilibidi itoe amri ya kuziongezea muda. Ndipo Serkali ikatengeneza njia fupi, na tangu 2022 ndugu anayelea yatima anaweza kupata nyongeza juu ya feza ya kawaida bila kungoja foleni ile. Funzo ni hili: karatasi ni nzuri, lakini kama karatasi ni moja na mlango ni mmoja, mtoto anakua akiwa katika foleni.

Wa tatu anayetupinga ni mtu wa nyumbani kwetu, naye ndiye anayetuchosha kuliko wote. Anasema: "Kwetu mtoto ni wa ukoo. Karatasi ni mambo ya Wazungu." Ndugu, tukuulize kitu. Kaka yako alipokufa, hukukimbilia karatasi ya nyumba yake? Hukumtafuta karani wa kukuandikia? Siku ya kurithi bati na viti, karatasi ilikuwa ya Kiafrika kabisa! Siku ya kumwandikisha yatima wake, karatasi imekuwa ya Wazungu. Tunasema wazi: ukoo unaokumbuka karatasi kwa ajili ya mali na kuisahau kwa ajili ya mtoto haufuati desturi ya wazee. Unafuata tumbo.

Hapa sisi wakristu tuna kosa kubwa. Watoto wetu hawaandikwi. Sheria inatoa siku 90 baada ya kuzaliwa kwa kumwandikisha mtoto katika etasivili, tena bila kulipa kama siku hizo hazijapita. Lakini uchunguzi uliofanywa katika nchi yetu mwaka wa 2013 na 2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto wanne wa chini ya miaka 5, aliyeandikwa ni mmoja tu. Wazazi wanamleta mtoto kubatizwa wakiwa wamevaa vizuri, wanapika, wanacheza ngoma, na wanafikiri kitabu cha ubatizo kimemaliza yote. Kitabu cha ubatizo kinamjulisha mtoto kwa Kanisa. Hakimjulishi kwa Serkali. Mtoto asiyeandikwa akiwa yatima, nkambo wake anaanza safari akiwa amekwisha kuchelewa: kabla ya kuthibitisha kwamba anamlea, inambidi kuthibitisha kwamba mtoto amezaliwa.

Na kuna watu wa nne, ambao hawatatujibu kwa sababu wanaona haya. Ni wale wanaopokea feza za mtoto wa kulea na hawamlei. Watoto wao wa kuzaa wanakwenda masomo. Yatima anauza maji barabarani. Masomo ya msingi hayana malipo katika shule za Serkali tangu Septemba 2019, lakini yatima haonekani darasani, kwa maana anahitajiwa jikoni. Watu hao ndio waliompa karani sababu ya kufunga kitabu. Kila mara mmoja wao anapokula feza ya mtoto, wankambo wema kumi wanakosa kuaminiwa. Feza hiyo si mshahara wa mlezi. Ni ya mtoto, nayo inapita tu mkononi mwa mlezi.

Tumesema kwamba neno la karani halitoki katika imani yetu. Hatutahubiri sana, kwa kuwa wasomaji wanajua Maandiko. Wakumbuke tu mzee Yakobo kitandani mwake huko Misri. Aliwaita wajukuu wawili, Efraimu na Manase, wana wa Yosefu, akawahesabu kuwa watoto wake mwenyewe, ili wapate sehemu sawa na baba zao wakubwa na wadogo. Nkambo ndiye aliyewaandika. Wakumbuke Musa katika nyumba ya binti Farao, na Esta aliyelelewa na Mordekai. Na Mtakatifu Yosefu, ambaye tunamwomba kila siku: mbele ya watu alikuwa baba wa Yezu kwa kumlea na kumpa jina. Kama Yosefu angesimama mbele ya meza ile, karani angemwambia nini?

Basi tunaomba nini? Tunaomba mambo manne, wala hayazidi nguvu za mtu.

Kwa waajiri na kwa CNSS: namna zile za watoto waliotajwa na sheria ziandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani, karibu na meza ya karani, kila mfanyakazi azione kwa macho yake.

Kwa hao hao tena: mtu aliyekwisha kupeleka maombi yake tribinali, apewe barua ya muda ili mtoto atibiwe wakati wa kungoja. Tribinali ikikataa, jina lifutwe. Ugonjwa hauna desturi ya kungoja hukumu.

Kwa Serkali: waamuzi wa watoto wapate njia ya kutoka mjini na kuketi katika vijiji na katika mitaa ya mbali. Tena itazamwe hali ya jamaa zisizo na mwajiri. Wengi katika wasomaji wetu ni wakulima na wauzaji wa soko; sheria hizi zote za mshahara zinapita juu ya vichwa vyao kama mawingu ya kiangazi. Tangu mwaka wa 2003, zaidi ya wafanyakazi elfu kumi wa Gécamines walipoondoka kazini, wazee wengi wa hapa Katanga walibaki wanalea wajukuu bila mwajiri wala liste. Nao wanalisha raia wa nchi hii. Yafaa waulizwe swali lile la Afrika Kusini: nani anamtunza mtoto?

Kwa parokia zetu: katika kila jumuiya achaguliwe mtu mmoja anayejua kusoma, awasindikize wazee mpaka etasivili na mpaka tribinali. Tunachangia sanduku la marehemu bila kusita. Tuchangie pia karatasi ya yatima. Bei yake haifiki bei ya sanduku.

Nasi tumekwisha kuanza. Maombi ya mzee wetu yamepelekwa tribinali, yakiwa na majina matatu ya wajukuu, barua ya mwalimu, na ushuhuda wa majirani wawili. Tunangoja siku ya kuitwa. Mzee alipotoka pale alituuliza: "Wakinipa karatasi, nitakuwa nani kwao?" Tukamjibu: "Utabaki nkambo wao. Lakini karani atajua yale ambayo mtaa wote unayajua."

Wewe msomaji unayelea mtoto usiyemzaa, usingoje ugonjwa ukufundishe njia. Nenda kesho, uchukue karatasi za mtoto, na kama hana karatasi, anzia hapo.